Kichuguu Namba Ishirini na Mbili

Jumatatu, 12 Novemba 1973

Tumefika kambini na mvua, na hema langu lina tundu. Hema la injinia Mbayo halina tundu. Nalitaja hili mwanzoni kabisa ili lisisahaulike.

Kila mtu amepewa madaftari mawili. Katika moja nitaandika namba za sampuli. Katika hili la pili nitaandika mambo ambayo ripoti haiyataki. Mimi ni Tshilombo, mchukua sampuli, mwaka wa kumi na moja sasa katika kazi hii. Zamani nilikuwa Louis vilevile, mpaka serikali ilipofuta majina ya Kizungu. Hapa kambini naitwa citoyen, yaani raia, kama wengine wote. Mke wangu Mianda, kule Kolwezi, bado ananiita Louis akishafunga mlango. Ana mimba ya miezi mitatu; ya kwanza ilikuwa ya binti yetu Tshiela.

Tuko upande wa Lubudi, mwendo wa saa tatu kwa gari kutoka Kolwezi, karibu na kijiji cha Mwenze. Kabla ya kupanda gari tulisaini karatasi: tutakachokiona ni siri ya kampuni ya madini. Sikuisoma hadi mwisho. Nasoro, dereva wetu, alikuwa anapiga honi kama mtu anayewahi harusi.

Jumatano, 14 Novemba

Sifa nazo niziandike. Mbayo ni injinia wa kwanza mweusi niliyefanya kazi chini yake, na anaeleza. Wengine waliokuja kabla yake walikuwa wananyoosha kidole tu. Leo alichora kwa kijiti kwenye matope. Anasema hapa palikuwa na bonde kubwa la maji, zamani ambazo hakukuwa hata na majani. Matope yalitulia chini, tabaka juu ya tabaka, yakawa mawe, na katika mawe hayo ndimo shaba na kobalti yetu ilimolala. Na urani pia. Maji ya chini huipitia urani, huibeba kidogo, huiacha mahali pengine. Sisi tunafuata nyayo zake katika udongo.

Hatuchimbi. Mchwa ndio wanaotuchimbia bure. Wanashuka chini sana kutafuta maji, wanapanda na udongo wa huko, wanajenga. Kwa hiyo tunakwenda kichuguu kwa kichuguu, tunachukua konzi mbili za udongo katika kila kimoja, tunakausha, tunachekecha, tunatia kwenye bahasha, na maabara inatuambia chini kuna nini.

Jumapili, 18 Novemba

Mvua. Sampuli hazikauki.

Ijumaa, 23 Novemba

Kuna mtu anang'oa vijiti vyangu vya namba! Vichuguu sita nilivyovitia namba tangu Jumanne, leo vina mashimo ubavuni, na vijiti vimelazwa chini vizuri, kimoja kando ya kingine, kama kwamba mwizi alikuwa na adabu. Udongo umevurugwa. Kazi ya siku tatu imepotea. Nikimkamata sijui nitamfanya nini.

Jumamosi, 24 Novemba

Nimemkamata. Ni mama wa makamo, mwembamba, amejifunga kitenge mara mbili, ana jembe fupi na kikapu. Alikuwa amepiga magoti mbele ya kichuguu namba ishirini na mbili, kilicho kikubwa kuliko vyote, kirefu kupita nyumba yangu ya Kolwezi.

"Mama, unafanya nini?" niliuliza, na sikuuliza kwa upole.

"Nakata pemba. Na weye, tata, unafanya nini?" Tata kwao ni baba.

"Nakamata sampuli."

"Ya kukula?"

"Ya kupima!"

"Basi mi niko na haraka kukupita. Bamama benye mimba habawezi kungoja kupima."

Anaitwa Ernestine. Nilimwambia majina hayo yamefutwa. Akasema Mungu hajapata barua hiyo bado. Yeye ndiye anayetengeneza pemba ya sehemu hii yote: udongo wa kichuguu unaotafunwa na wajawazito. Anaukanda, anaukata vipande virefu, anavikausha juu ya moshi wa jiko, na kila kipande anakibonyeza kwa vidole vitatu ili watu wajue ni chake. Kazi hii aliipokea kwa mama yake. Namba ishirini na mbili, alisema, ndicho chenye udongo mtamu.

Nimekaa katika kazi hii miaka kumi na moja, na nazuiwa na mapishi ya udongo.

Jumamosi, 1 Desemba

Redio imesema maduka na mashamba ya wageni sasa yatapewa raia. Mbayo alicheka siku nzima.

Mimi sikucheka. Ernestine na wenzake wawili walichimba tena namba ishirini na mbili, pale pale nilipopaka rangi nyekundu. Hasira ilinipanda. Nikawaambia: "Bichuguu byenye rangi nyekundu tumetia sumu, ya kuua muchwa. Mutu akikula, atakufa."

Wale wawili walirudi nyuma. Ernestine alinitazama. Akavunja kipande kando kabisa ya rangi, akakitia mdomoni, akatafuna polepole, kisha akaketi juu ya sanduku langu la sampuli.

"Tungoje basi," alisema.

Tukangoja. Nzi walitembea. Baada ya muda akauliza, "Tata, ni saa ngapi nitakufa? Sababu niko na mihogo ku jua, mvua inakuya."

Wale wawili walicheka mpaka wakashikana mabega. Mimi nikachukua sanduku langu nikaondoka. Mwanamke mkaidi namna hii sijawahi kumwona, na sitaki kumwona tena.

Alhamisi, 6 Desemba

Nilimwona tena. Alinisalimu: "Jambo, tata ya sumu." Sasa hata watoto wa kijiji wananiita hivyo.

Jumamosi, 15 Desemba

Sampuli mia tatu na arobaini zimeondoka kwenda maabara ya Kolwezi. Lakini nilipofunua turubai la gari nilikuta nini? Vikapu vya Ernestine! Pemba na sampuli zangu kitako kwa kitako. Nilimpigia Nasoro kelele: vumbi moja likiingia kwenye bahasha, hesabu yote inaharibika.

"Weye Tshilombo," alisema, "mama Zena eko nauzisha hii bitu ku soko tangu miaka. Bamama ba Kolwezi bananingojea mi kuliko banangojea maabara yako." Zena ni mke wake. Ana meza sokoni.

Nililazimisha vikapu vihamie mbele, karibu na kiti chake. Angalau katika hili nimeshinda.

Jumanne, 25 Desemba

Nyumbani. Tshiela amenikumbatia mguu wakati wote wa kula. Mianda anatapika asubuhi, na mate yanamjaa mdomoni. Akaniomba nikirudi msituni nimletee pemba, kama aliyokula wakati wa Tshiela.

Nilimkatalia kwa maneno mengi. Nikasema mtoto wa fundi wa kampuni hawezi kulishwa uchafu wa mchwa kama watu wa kijijini, na kwamba pemba imenitesa msimu mzima.

"Sawa, Louis," alisema, akaanza kukusanya sahani. Nilidhani nimemwelimisha.

Jumatano, 9 Januari 1974

Majibu yamekuja.

Vichuguu vingine vyote vina urani sehemu tatu, nne, sita katika milioni, yaani kitu cha kawaida. Namba ishirini na mbili ina sehemu mia sita na kumi. Maabara ilirudia mara mbili, haikuamini. Mbayo alitoka hemani na karatasi, bila viatu, akanishika mikono yote miwili. "Citoyen Tshilombo, ni hii! Chini ya ile termitière, ile kichuguu, mawe imepasuka, na maji inapanda nayo!" Tulikwenda naye na mashine ya kupimia mionzi, ile tunayoiita Kasuku kwa kelele zake. Mwezi wa kumi na moja ilikuwa imekufa, imerudi kutoka kutengenezwa wiki hii tu. Tulipoisogeza kwenye kichuguu ililia kama imebanwa mkia.

Nami nilifurahi, sina sababu ya kuficha. Konzi zile mbili nilizichukua mimi.

Halafu nikaona mashimo ya jembe ubavuni mwa kichuguu. Furaha ikaniishia pale pale.

Nilimwambia Mbayo: wanawake wanakula udongo huu. Wajawazito. Unafika mpaka Kolwezi.

Nadhani hata yeye aliogopa. Kisha akasema, "Weye unajua kiasi gani inaumiza mutu? Hujue. Hata mi sijue. Ukisema leo, kesho Kolwezi yote inajua kwenye tunatafuta, na kibali ya hii eneo haiyasainiwa. Bakubwa batatuma mutu mwingine kukamata kazi yetu. Ungoja kibali. Mwezi moja. Ulisaini karatasi."

Mwezi mmoja! Mwezi mmoja wa kuwaacha watu waendelee kula urani ya kampuni! Nilimwacha pale pale kichuguuni, nikarudi kambini peke yangu. Huyu ndiye niliyemsifu. Ameanza kazi juzi na tayari amejifunza kila kitu kibaya cha wale waliokuwa hapa kabla yake. Aibu kwake, na kwa waliompa cheo.

Alhamisi, 10 Januari

Mvua. Mbayo amekataa tena. Sikusema kitu kijijini.

Jumamosi, 12 Januari

Nilipita namba ishirini na mbili. Ernestine alikuwepo na jembe lake. "Jambo, tata ya sumu." Nikamwitikia jambo. Nikaendelea na njia. Mbayo ndiye wa kulaumiwa, na siku ya hukumu nitalisema hili kwa sauti.

Jumanne, 15 Januari

Mvua. Sikusema kitu.

Alhamisi, 17 Januari

Mbayo amenipandisha cheo: kuanzia leo mimi ni kiongozi wa timu, na nimepewa hema lisilo na tundu. Nimelichukua. Sijamwambia ahsante.

Jumapili, 20 Januari

Nasoro ameshuka Kolwezi. Vikapu viwili vya Ernestine, vizito. Nilimsaidia kupakia.

Jumamosi, 26 Januari

Nyumbani. Naandika haya kwenye ngazi ya mlango.

Nilikuwa natafuta sindano katika kikapu cha kushonea cha Mianda, nishone kifungo. Chini ya vitambaa nilikuta vipande vinne vimefungwa katika gazeti, vyenye rangi ya majivu na harufu ya moshi. Kila kimoja kina alama ya vidole vitatu. Cha tano kilikuwa kimeng'atwa, nusu yake haipo.

Mianda alisema aliona haya kuniambia, kwa maneno niliyomwambia Krismasi. Alinunua kwa mama Zena. Nilimpokonya gazeti. Nikapiga kelele, nikamtukana Mbayo, kampuni, maabara, kibali, na Nasoro na gari lake, mpaka Tshiela akaanza kulia. Kisha nikamweleza Mianda yote: urani, namba mia sita na kumi, kichuguu.

Aliweka mkono tumboni. Hakulia. Akasema, "Na bamama bengine? Ule mama mwenye kuitengeneza, anajua?"

"Bado."

"Juu ya nini unashinda hapa, Louis? Rudia. Enda umwambie."

Jumatatu, 28 Januari

Nimemwambia. Nilikwenda nyumbani kwake, nikavua kofia, nikasema: mama, udongo wa namba ishirini na mbili ni sumu.

Ernestine alikuwa anapepeta unga. Hata hakusimama. "Ile sumu ya Desemba? Mi niliikula mbele ya macho yako, tata."

"Ile ya Desemba nilidanganya. Hii ni kweli."

"Na nitajua namna gani? Mudomo ni ileile."

Nilitaka kukasirika, nikatafuta wa kumkasirikia, sikumpata upesi. Nikataja Kasuku. Akasema mashine ni yangu, italia nikitaka ilie.

Kisha akaacha kupepeta. "Kesho kutwa ulete hiyo kasuku yako. Lakini kazi nitaipanga mi."

Jumatano, 30 Januari

Nilichukua Kasuku bila ruhusa, Mbayo akiwa mtoni. Nyuma ya nyumba ya Ernestine kulikuwa na vyungu saba vya ukubwa mmoja, vimefunikwa majani, vimepangwa mbalimbali katika mstari. Wanawake kama ishirini walikaa pembeni, na wanne kati yao matumbo yao yalionekana. Ernestine alikuwa amekata udongo mwenyewe alfajiri, kutoka vichuguu alivyovijua yeye. Hakuna mwingine aliyejua kilichomo, hata binti yake.

Nilipitisha mashine. Chungu cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Cha tatu ikalia. Cha nne na cha tano, kimya. Cha sita ikalia. Cha saba, kimya.

Ernestine hakubadilisha uso. Akanigeuza nitazame ukuta, akahamisha vyungu. Nikapima tena. Akanifunga macho kwa kitambaa, akahamisha tena, akamtaka binti yake ashike mashine badala yangu. Mara tatu, na kila mara vyungu viwili vikaliza mashine, na kila mara, alipofunua, vilikuwa vilevile. Kimoja kati ya vile vilivyonyamaza kilikuwa na mawe ya mtoni. Alikiweka ili kunitega. Katika miaka kumi na moja sijaona injinia aliyepanga jaribio vizuri namna hii.

"Hii byungu bibili ni ya kichuguu kikubwa," aliwaambia wenzake. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Tamu ya mama yangu." Kisha akaingia ndani, akatoa vipande vyote vilivyokuwa juu ya jiko, akavimimina katika shimo la choo. Mwanamke mmoja mwenye mimba alitema mate, akatema tena, hakuweza kuacha.

Alhamisi, 31 Januari

Mbayo ameambiwa. Kijiji cha watu mia mbili, ulitegemea nini? Aliniita hemani.

"Umeniua," alisema. Hakupiga kelele, na macho yake yalikuwa mekundu. "Nilikupa timu. Nilikupa tente yenye haina tundu."

Nikamwambia nilichokuwa nimekihifadhi tangu tarehe tisa: kwamba yeye ni mwoga, kwamba amewauza wanawake kwa karatasi, kwamba afadhali wale Wazungu, wao angalau hawakujua pemba ni nini. Nilisema vizuri sana. Watu wote wa kambi walisikia.

Aliningoja nimalize. "Na weye, citoyen? Nani alikufunga mudomo?"

"Wewe!"

"Mi nilikuambia unyamaze," alisema. "Sikukushika mudomo."

Nimefukuzwa. Naondoka na gari la Jumamosi.

Jumamosi, 2 Februari

Ernestine alikataa kubaki. Alisema kilichotoka mkononi mwake atakifuata mwenyewe. Alikaa mbele kati yangu na Nasoro, kikapu kitupu mapajani, na njia yote Nasoro hakupiga honi hata mara moja. Sokoni mama Zena alisikiliza akiwa amesimama, akafunga meza saa hiyo hiyo, akaanza kuwataja wateja wake mmoja mmoja. Tulizunguka mitaa mpaka saa kumi. Wengine walitoa vipande upesi, wengine walitufungia mlango, na wengine walikuwa wamekwisha kula. Ernestine aliwaambia wote neno moja: "Ni mi niliitengeneza. Nilikuwa sijue."

Mwisho tulifika kwangu. Mianda alimpa maji, akampa kiti. Wakatazamana, na sikujua niweke wapi mikono yangu. Mianda alileta vile vipande vinne na nusu, akaviweka katika kikapu.

"Mama," alimuuliza Ernestine, "weye ulijua siku gani?"

"Siku ya tatu ya hii poso, Jumatano. Mbele ya byungu."

"Na weye, Louis?"

Nilitaka kusema: wiki iliyopita. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Lakini daftari hili lilikuwa mfukoni mwa shati, na Mianda alikuwa amekwisha kuliona. Alinyoosha mkono. Nilimpa.

Mianda alisoma kwa masista, anasoma vizuri. Alisoma kwa sauti, ili Ernestine asikie. Alisoma tarehe tisa, furaha yangu na hasira yangu. Alisoma: mvua, sikusema kitu. Alisoma: nikamwitikia jambo. Ernestine aliinua kichwa pale. Alisoma hema lisilo na tundu. Alisoma Jumapili, tarehe ishirini, akarudia maneno ya mwisho mara mbili: nilimsaidia kupakia.

"Mi nilinunua siku ya pili ya ile poso, Jumanne, tarehe makumi mbili na mbili," alisema. "Ni hiyo bikapu."

Ernestine alisimama, akachukua kikapu chake, akamshika Mianda bega, akatoka. Mimi hakuniaga.

Jumapili, 3 Februari

Nimeyasoma yote tena tangu Novemba. Kila ukurasa namshtaki mtu: mvua, mama mwenye jembe, Nasoro, Mbayo. Sikufuta kitu. Kesho nampeleka Mianda hospitali, ingawa sijui nitawaambia nini huko, wala kama wanacho kipimo cha jambo hili.

Nilikuwa ndani naandika haya Mianda aliponiita nile ugali. Mlango ulikuwa umefungwa, Tshiela amelala, tuko wawili tu ndani.

"Bukari iko ku meza," alisema, "citoyen."